Moshi wa Gari la Jumbe Mkwanda

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Paukwa!
Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo, ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na kijiji chenye gari moja. Gari kuukuu, la Jumbe Mkwanda, nalo liliheshimiwa kuliko watu. Kila asubuhi Jumbe alitoka na kopo la oili, akamimina kwenye injini. Gudu, gudu, gudu! Watu wakapiga makofi. Jumbe amelilisha gari! Kisha wakarudi majumbani na njaa zao.

Dereva wake aliitwa Mahadhi. Siku moja akaona gari linafuka. Si kwenye bomba la nyuma, la! Kwenye kibomba cha pembeni, kile ambacho injini hupumulia. Pfu! Pfu! Pfu! Moshi wa buluu, harufu ya kikaango kilichosahauliwa motoni.

"Mahadhi ameniulia gari," akasema Jumbe. "Moshi usipokoma kufikia Ijumaa, ahame kijiji, yeye na wanawe."

Wajuzi wakaitwa. Fundi Ngwali akatega sikio. "Ringi za pistoni zimekwisha. Tufungue injini yote." Mganga akasema ni kijicho cha kijiji jirani. Malenga wa Jumbe akasema huo si moshi, ni ubani. Makofi! Pfu! Pfu! Pfu! Moshi ukazidi.

Alhamisi asubuhi Mahadhi akaenda kwa Bibi Somoe, ambaye mpaka leo tunamtaja kwa heshima. Kikongwe huyo aliendesha mashine ya kusaga nafaka miaka arobaini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo oili umeipima?"

"Bibi, nani athubutu kupima oili aliyomimina Jumbe?"

"Kumbe ugonjwa unaujua," akasema Bibi, akatangulia.

Mbele ya watu wote akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kanga yake, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu, imepanda kijiti karibu chote.

"Jumbe, gari haliumwi. Limevimbiwa. Injini inaipiga hiyo oili mpaka inatoa povu, ndiyo maana inapumua moshi."

Fundi Ngwali akaanza kukusanya spana zake polepole.

"Nani amelivimbisha?" Jumbe akanguruma.

"Wewe. Na hawa wapiga makofi. Mahadhi, fungua nati ya chini."

Churuuu! Likajaa beseni la kwanza, likajaa la pili. Bibi akapima tena, akaridhika. Gari likawashwa. Tuku-tuku-tuku-tuku. Moshi hakuna! Mahadhi akalia hadharani, wala hakuona haya.

Jumbe akakohoa kidogo. "Nilikuwa nawajaribu akili," akasema.

Makofi!

Ijumaa asubuhi, Jumbe huyo, na kopo lake. Mikono ikainuka tayari. Mahadhi akafunika mdomo wa injini kwa kiganja.

"Jumbe wangu, nimepima. Inatosha."

Mikono ikabaki hewani. Jumbe akamkazia macho. Mahadhi hakuondoa kiganja. Jumbe akatazama huku na huku, hakuna aliyemsaidia, akaweka kopo chini.

Basi wenzangu, mkubwa wenu akizidisha, mwambieni mapema, msingoje moshi mkamfukuze dereva. Hadithi yangu nimeitua hapa. Asiyeridhika nayo na akapime mwenyewe.