Tembo Aliyeziba Njia za Maji

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kiu, na wenye kiu, na maji yaliyo mbali.

Basi nyamazeni. Ngano hii haitaki kuchekacheka, na mimi simung'unyi maneno.

Hapo kale, zamani za kale, katika msitu mmoja wa Bara Hindi, ulikuja ukame. Mvua ikagoma. Vijito vikakauka, mabwawa yakakauka, likabaki dimbwi moja tu, chini kabisa bondeni. Dimbwi lilikuwa moja, lakini njia za kulifikia zilikuwa nyingi. Tembo walishuka kwenye mawe makubwa. Paa walipita kwenye matete. Nungunungu alipenya chini ya miiba, na Kobe akajiburura kwenye mchanga.

Kiongozi wa tembo alikuwa ajuza mmoja, wakimwita Bi Mkubwa. Kila aliposhuka aligeuka akawaambia watoto wake: "Hakuna afikaye majini ila kwa kunifuata mimi." Wakamfuata, wakanywa, wakaishi.

Ukame ule ule ukamuua Bi Mkubwa. Mwanawe wa mwisho, Kishindo, alilia mpaka sauti ikamkauka. Alimpenda mama yake kuliko maji. Akasema moyoni: "Mama ameondoka, neno lake halitaondoka. Paa akifika majini kwa njia ya matete, mama amekuwa mwongo. Sitakubali." Akabeba magogo. Akaziba njia ya matete, akaziba njia ya miiba, akaziba njia ya mchanga. Ikabaki ya mawe peke yake, naye akasimama kulinda.

Akaja Nungunungu.

"Kijana, ondoa gogo lako nipite."

"Hakuna afikaye majini ila kwa kumfuata mama."

"Mama yako namheshimu, lakini mimi hakunizaa. Angenizaa mimi, angeona cha moto."

"Pita kwenye mawe, au kaa na kiu yako."

Nungunungu akajaribu mawe. Akakwama kwenye ufa, akarudi miiba yake ya mgongoni imekatika na koo kavu.

Akaja Kobe. Kobe hakubishana. "Haya, bwana mkubwa. Mwenye nguvu mpishe." Akafika jiwe la kwanza, akapinduka, miguu juu, jua likimwoka tumbo. Kishindo akamgeuza kwa mkonga.

"Umeshindwa kwa sababu humwamini mama," akamwambia.

"Nimeshindwa kwa sababu miguu yangu ni mifupi," Kobe akajibu.

Akaja Paa na mapacha wake, ndimi nje.

"Kaka Tembo, wanangu hawafiki jioni."

Hapo Kishindo akalainika. Hakuwa na roho mbaya, nami simsingizii mtu. "Dada, nitakuongoza mimi mwenyewe. Nifuate kama nilivyomfuata mama."

Paa akamwacha pacha mmoja juu, akashuka na mwingine. Jiwe la kwanza wakaruka. Jiwe la pili wakaruka. Jiwe la tatu, mtoto akateleza, akaangukia ufani. Kishindo akapeleka mkonga upesi, akamtoa. Alikuwa amekwisha kufa.

Paa alimlamba mtoto, akamlamba tena. Kisha akasema, "Njia yetu ya matete haina mawe."

Kishindo akamkimbilia Mama Mdogo, ndugu yake Bi Mkubwa. Huyu aliwahi kukaa na watu. Miaka mingi alifungwa mnyororo mlangoni pa hekalu la Wahindu, kabla hawajamwachia arudi msituni.

"Mama Mdogo, nimeua. Lakini nikifungua njia, nimemfanya mama mwongo. Nifanye nini?"

"Siku mama yako aliposema neno lile, nyuma yake walikuwa nani?"

"Sisi, watoto wake."

"Na paa?"

"Hakuwepo."

"Na kobe?"

"Hakuwepo."

"Basi neno ulilishika, lakini aliyeambiwa hukumwangalia."

"Kwa hiyo mama alisema uongo?"

"Nitakuchapa kwa huu mkonga. Alisema kweli tupu. Ungemfuata paa kwenye matete, ungezama topeni mpaka masikio. Kwako wewe hapakuwa na njia ila mama."

Kisha akaendelea. "Kule hekaluni kila asubuhi alikuja mfinyanzi mmoja, Devji. Alimwinamia mungu wake, Shiva, akisema, 'Ni wewe tu, hakuna mwingine.' Nyuma yake alikuja jirani yake, Jamna, mjane muuza maua. Alimwinamia mungu wake, Krishna, akisema, 'Ni wewe tu, hakuna mwingine.' Kisha wakaketi wote wawili barazani, wakila sadaka ya sahani moja. Nikadhani mmoja wao mnafiki. Nikamuuliza Jamna. Akanijibu: 'Mtoto akimwambia mama yake, hakuna mama ila wewe, amemtukana mama wa jirani?'"

Kishindo akainamisha kichwa. "Basi njia zote ni sawa?"

"Sikusema hivyo. Njia ya fisi inaishia kwenye mzoga. Itazame njia inakofika. Paa walipokuwa wakirudi kutoka kwenye matete, midomo yao ilikuwa mikavu?"

"Ilikuwa imelowa."

"Nenda basi. Yuko mtoto mmoja bado hai."

Kishindo akarudi mbio. Akaondoa gogo la matete, akaondoa la miiba, akaondoa la mchanga. Macho ya Paa hakuweza kuyatazama.

"Dada, pita."

Paa akasimama na pacha aliyebaki. "Neno la mama yako ni zuri," akasema. "Lishike wewe." Akaingia kwenye matete, asigeuke nyuma.

Muda ukapita. Kishindo akatega sikio mpaka akasikia, kule chini, ulimi mdogo ukilamba maji. Ulilamba, ukapumzika, ukalamba tena. Ulipotulia, ndipo naye akashuka kunywa. Akashuka kwa mawe, njia ya mama yake, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Mafunzo ndiyo haya, na sitayapamba. Ukisikia mwalimu kasema hakuna njia ila yeye, uliza kwanza alikuwa akimwambia nani. Kama alikuambia wewe, mfuate kwa moyo wako wote, wala usiyumbe. Lakini mwenzako usimwekee gogo. Kiu yake huwezi kumnywea.

Ngano nimeitua chini. Aliyeshiba akalale, asiyeshiba na atutolee yake.