Pimbi na Sola za Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majirani wa kugombana nao, palikuwa na mlima wa mawe, na juu ya mlima ilikaa ikulu ya Simba. Mto ulikuwa chini. Maji ya ikulu yalipandishwa kwa vichwa. Vichwa vya nani? Vya raia! Kila nyumba ilikuwa na zamu yake, na zamu haikumjali mgonjwa wala mzee. Kaeni vizuri, watoto, maana hadithi hii kila nikiisimulia damu inanichemka.

Basi Simba alichoka kuiona nchi yake gizani. Akapiga mbiu, bu! bu! bu!

"Nyumba yoyote itakayofunga sola iliyotengenezwa hapa hapa msituni, kwa mikono ya wenyeji, naifutia zamu ya maji. Nataka taa ziwake, na ujuzi ubaki nyumbani!"

Maneno mazuri, au siyo? Mazuri kabisa. Kisha akayaharibu mwenyewe. Akampa Kiboko mhuri, eti yeye ndiye aseme ipi ni sola ya hapa na ipi siyo.

Pimbi aliposikia mbiu alirukaruka. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, asiye na mkia, anayeota jua kila asubuhi. Alikuwa fundi wa sola hata kabla mfalme hajazifikiria. Sola zake zilikuwa na fremu nene za mninga, hazina urembo wowote, lakini taa zake zilikesha zikiwaka.

Aliishi na mama yake, na mama alikuwa na nyonga mbovu. Pimbi angembebea maji, angembebea hata mara kumi, lakini sheria ilimtaka mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa mama.

"Mama, sasa utapumzika," Pimbi akasema. "Nakwenda kugongewa mhuri."

"Nenda, mwanangu. Hii nyonga imeshaanza kunitukana."

Pimbi akambebea Kiboko sola moja nzuri pamoja na taa yake. Kiboko alikuwa amelala kwenye tope, puu, puu, anapumua.

"Hii ndiyo nini?"

"Sola, Mheshimiwa. Nimeitengeneza mwenyewe."

"Mbona haing'ai? Sola ya kweli inang'aa, bwana. Haya, iache hapa tuikague. Njoo wiki ijayo."

Wiki iliyofuata akaambiwa Mheshimiwa yuko kikaoni. Ile nyingine, Mheshimiwa amesafiri, na huku masikio yake yanaonekana wazi juu ya maji! Pimbi akaomba, "Basi nirudishieni sola yangu." Wakamjibu, "Bado inakaguliwa."

Huku nyuma, Fisi anapita na mkokoteni. Fisi huyu alikuwa shemeji yake Kiboko, na nyundo hajawahi kuishika tangu azaliwe. Mkokoteni umejaa sola zinazometameta, zimetoka nchi za ng'ambo ya mto. Anazipeleka nyuma ya nyumba ya Kiboko, anachukua mkaa, anaandika: IMETENGENEZWA MSITUNI. Kiboko anagonga mhuri, pwa! Imekwisha.

Aliyekuwa na gunia la mtama alimpelekea Fisi, akafungiwa sola, akafutiwa zamu. Mvua za kwanza zikanyesha, maji yakaingia ndani ya zile sola, chiii, taa zikafa. Je, wenye magunia walilalamika? Wapi! Zamu yao imefutwa, walalamike nini? Walinyamaza kimya gizani mwao.

Lakini ikulu haikuacha kunywa maji. Na maji yakabebwa na nani? Na wale wachache wasio na gunia. Zamu zikaanza kukimbizana. Mama Pimbi akitoka leo, keshokutwa anaitwa tena. Nyumbani kwake taa inawaka, sola ya mwanawe iko juu ya paa, imetengenezwa hapa hapa, na bado anabeba maji! Niambieni kama hiyo ni haki.

Siku moja akateleza kwenye mawe. Pa! Mtungi ukapasuka, goti likachanika. Askari wa Kiboko hakumwinua hata kwa mkono mmoja. Alimwambia, "Bibi, maji yamemwagika. Shuka kachote mengine."

Pimbi alipomwona mama yake anaingia ndani anavuta mguu, alikasirika mpaka meno yakagongana, ka-ka-ka-ka.

"Nakwenda kumng'ata Kiboko!"

"Ngozi ile?" mama akasema. "Utapoteza meno bure. Kichwa chako umekiweka wapi?"

Pimbi akakaa chini akafikiri. Kiboko hashikiki, yule ni mjanja wa kukaa kimya. Lakini Fisi? Fisi mdomo wake haujawahi kukutana na chakula ukakiacha.

Siku moja kabla ya baraza la mfalme, akaenda nyumbani kwa Fisi.

"Hodi!"

"Nani huyo asubuhi yote hii?"

"Ni mimi, kaka. Pimbi."

Fisi alikuwa anaguguna mfupa, amekalia kasha la mbao lenye maandishi ya ng'ambo. "Unataka nini, wewe usiye hata na mkia?"

"Naomba makasha matupu, kaka. Yale yaliyokuja na sola. Mawili tu."

"Ya nini?"

"Aa... ya kufugia kuku."

Fisi akaacha kuguguna. "Kuku gani? Kesho baraza, leo unatafuta makasha yangu. Sema kweli, la sivyo nakutafuna wewe badala ya huu mfupa!"

Pimbi akaangua kilio, uwii! uwii! "Usimwambie mtu, kaka! Nimesikia mfalme amegeuka. Kesho sola ya hapa hana haja nayo. Atakayethibitisha kwamba sola zake zimetoka mbali ndiye atakayepewa bonde lote la malisho, na mhuri wa Kiboko, na kiti chake! Basi na mimi nilitaka niseme zangu zimetoka mbali. Nipe makasha, kaka, nakuomba!"

"Na kiti cha shemeji?"

"Na kiti."

"Toka! Toka hapa, mwizi we! Unataka kula jasho langu?" Fisi akacheka, hi-hi-hiii, hata mlango hakungoja ufungwe. Akaanza kukusanya makasha. Kwa shemeji hakwenda kusema neno. Kiti ni kimoja, aende kusema nini?

Kesho yake watu wakajaa ikulu. Simba alikuwa ndiyo kwanza ananyanyua kibuyu cha maji anywe, wakasikia kwaru! kwaru! kwaru! Fisi huyo, anaburuta makasha.

"Ewe mfalme! Sola zangu zote zimetoka ng'ambo ya mto, kama unavyozitaka! Nipe kiti cha Kiboko!"

Kiboko akashtuka. "Shemeji, kaa chini."

"Sikai! Unanionea wivu!"

"Mfalme, shemeji yangu ana homa."

"Sina homa! Soma kasha hili, mfalme, soma na lile! Mimi sijapiga hata msumari mmoja. Yale maneno ya 'imetengenezwa msituni' niliyaandika mwenyewe kwa mkaa, nyuma ya nyumba ya shemeji, na yeye akinimulikia taa!"

"Taa gani?" Simba akauliza taratibu.

"Ile ya Pimbi! Si ndiyo pekee iliyokuwa inawaka?"

Loo! Kiboko akatafuta maji ya kuzama, hakuna.

"Na nani alikwambia ninazitaka za mbali?"

"Pimbi."

Pimbi akasimama katikati ya watu. "Ni mimi. Nimemdanganya."

Simba akanguruma, ngrrrr! "Unadanganya kwa jina langu?"

Pimbi akasogea mbele. "Ndiyo! Uongo mmoja tu, mfalme, na umekuletea ukweli wote. Mimi nilimpelekea Kiboko ukweli mikononi, akautumia kumulikia wizi. Na mhuri alipewa na nani? Na wewe! Hayo maji unayoyanywa yamepandishwa leo asubuhi na mama yangu, mwenye nyonga mbovu, mwenye sola ya hapa juu ya paa lake. Haya, kunywa! Kunywa, si umeyanyanyua?"

Simba akakishusha kibuyu. Hakunywa.

"Lete mhuri," akamwambia Kiboko. Akauvunja kwa jino, kach! "Kuanzia leo, anayesema sola ni yake ataitengeneza hapa barazani, macho yetu yote yakimwona. Wenye sola za kweli, zamu imekwisha. Na nyie wawili mtabeba maji ya ikulu, yote, mpaka niseme basi."

"Mfalme," Kiboko akalia, "mgongo wangu..."

Kabla hajamaliza, Mama Pimbi akatokea langoni, anahema, mtungi wa pili kichwani. Hakuwa amesikia lolote. Pimbi akamkimbilia akamnong'oneza. Mama akautua mtungi, akaitoa ngata ya majani kichwani, ikiwa bado imeloa jasho, akamwendea Kiboko akichechemea.

"Inama, Mheshimiwa," akasema. "Kichwa chako kiko juu mno, sikifikii."

Kiboko akainama.

Shikeni hili, watoto: anayekula jasho la wengine usihangaike kumtukana, mpe tu sababu ya kujisifu mbele za watu, atajitaja mwenyewe.