Gurudumu la Lwitiko na Mchi wa Mama Yake

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzijuzi ambapo baiskeli zilikwisha kuwa nyepesi kuliko mkungu wa ndizi, palikuwa na kijana huko Tukuyu, jina lake Lwitiko. Kila msimu wa kuvuna kakao kulikuwa na mashindano ya baiskeli. Mnaanzia Tukuyu kwenye ukungu, mnashuka hadi Kyela kwenye joto. Mteremko na kona, wanangu, kona na mteremko. Na mvua ya kule mnaijua, haina adabu.

Baiskeli ya Lwitiko ilikuwa na gurudumu la mbele la kaboni, aliloachiwa na mgeni. Kaboni si chuma, si mti. Jeusi, linang'aa, ukilinyanyua utadhani umenyanyua ungo.

Juma la mashindano, akiwa mazoezini, likagonga jiwe. Paa! Akalitazama, akaona ni zima. Akampa mkewe Subilaga alioshe. Subilaga akalisuuza, likamponyoka, likapiga ukingo wa karo la kuoshea. Paa! Akalifuta kwa kanga, na pale kwenye ringi akaona mstari. Mwembamba kama unywele wa kichanga. Akaupitishia ukucha. Ukucha ukakwama.

Je, ni jiwe la mume wangu, au ni karo langu? Akanyamaza. Akapika, kimya. Akalala, kimya. Mpaka jioni ya kuamkia mashindano, kimya kikamshinda.

"Baba Ambwene," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "njoo uone kitu."

Lwitiko akaona, akaupapasa kwa kidole. Mbio mbio akaitwa Anyosisye, fundi baiskeli. Fundi akalizungusha gurudumu, akafumba jicho moja.

"Linakwenda sawasawa, ndugu yangu. Ringi bovu hupinda. Hili limepinda?"

"Halijapinda."

"Basi huo ni mkwaruzo wa rangi. Kalale."

"Una hakika?"

"Nilianza kunyoosha ringi hujaota ndevu! Na hizo zenyewe mpaka leo sizioni."

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Mama yake Lwitiko, Bi Sekela, alikuwa akisikiliza. Yeye aliuza sokoni vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, na mnajua chungu kinavyonunuliwa. Hukitazami tu, unakigonga kwa kidole, kikujibu.

"Anyosisye, mwanangu, chungu hupinda?"

"Hakipindi, mama."

"Na kikitaka kupasuka, hupiga hodi?"

Bi Sekela akaligonga gurudumu kwa kidole, akilizunguka. Ti, ti, ti. Akafika penye mstari. Dbu. Akarudia. Dbu.

"Mama, hapo pana stika, na valvu iko karibu," fundi akasema. "Lazima sauti ibadilike."

"Huenda. Huu si udongo, siujui. Lakini sikio langu limekataa."

"Mama, usinitie woga," Lwitiko akasema. "Kesho ndiyo wanachagua timu ya waendesha baiskeli. Nisiposhuka, nimebaki hapa hapa. Nitalipanda."

Kukakucha, mvua inanyunya. Lwitiko ameinama anafunga viatu, Subilaga amesimama mlangoni anatafuna pindo la kanga. Bi Sekela akatoka jikoni na mchi wa kinu.

"Mwanangu, nisamehe."

Akapiga. Mara moja tu. Gurudumu likapasuka pale pale kwenye mstari.

"Mama! Umeniua!"

"Nimekukuta hai, nimekuacha hai. Lia."

"Mchi huo ungevunja hata gurudumu zima!"

"Huenda, mwanangu. Huenda."

Anyosisye, aliyekuja kumsindikiza, aliona yote. Alikwenda kwake, akafungua gurudumu la chuma la baiskeli yake ya kazi, ile anayobebea mizigo ya watu. Akakwangua ekseli kwa tupa mpaka ikaingia kwenye uma wa baiskeli ya Lwitiko. Akapinda breki mpaka ikakubali. "Nenda," akasema. "Zito, lakini hili nalijua."

Lwitiko akaenda. Nyumbani wanawake wakakaa na simu katikati yao juu ya kigoda. Chai ikapoa. Mvua ikaongezeka. Simu ilipolia, hakuna aliyetaka kuipokea. Subilaga akaishika kama mtu anayeshika kaa la moto.

"Nimefika," ikasema sauti ya Lwitiko. "Nimefika wa tatu. Wenye kasi wameteleza kwenye kona, wengine wamebebwa. Timu wamenichukua. Na zawadi nimepewa mtamba."

Akarudi na ng'ombe huyo jike, hajazaa bado, kamba mkononi. Akasimama uani. "Kule kwenye kona niliapa: nikifika salama, mtamba ni wa aliyenifikisha."

Subilaga akasema, "Ni wangu. Bila jicho langu, nani angejua?"

"Jicho lililoficha!" mama mkwe akamjibu. "Ungenyamaza usiku mmoja zaidi, tungekuwa matangani. Ni wangu mimi. Mchi wangu ndio uliomzuia."

"Mchi ulizuia, sawa," akasema Anyosisye, "lakini hakuna aliyewahi kufika Kyela amepanda mchi. Alipanda gurudumu langu, na mimi leo natembea kwa miguu."

"Wewe si ndiye uliyemwambia akalale?" Subilaga akamrukia.

"Nilikosea. Au sikukosea? Nionyesheni ufa wa jiwe, nionyesheni wa karo, nionyesheni wa mchi. Vipande vile vyote vinafanana."

Lwitiko akaokota kipande, akakigeuza, akakigeuza tena. Kama mama alimwokoa, au alimvunjia kitu kizima, kipande hakikusema. Mkewe anamtazama. Mama yake anamtazama. Fundi anatazama chini. Mtamba anavuta kamba.

Haya, ninyi mliokaa hapa mmenyamaza kama Subilaga: mngekuwa ninyi Lwitiko, kamba ile mngeitia mkononi mwa nani?