Dakika Kumi Nyumbani kwa Mama

Hii imenifikia kutoka kwa mtu ambaye naye aliletewa. Ukishaisoma, mtumie tajiri mmoja mwenye magari. Dereva usimsumbue nayo, yeye anaijua.

Palikuwa na tajiri wa malori jijini Dar es Salaam, jina lake Bwana Nassib Karama. Malori yake yalikuwa arobaini, mengi yao mapya, yenye kiyoyozi na kitanda kizuri nyuma ya kiti, na mishahara yake haikuchelewa hata siku moja. Pamoja na hayo yote madereva walimlalamikia kila kijiwe, kisha walimkimbia. Walihamia kwa watu wenye magari ya kusukuma, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Tuseme ukweli, Bwana Karama hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuibiwa. Dereva wake mmoja alikuwa akisimama porini na kuuza mafuta ya gari kwa madumu, na tangu mwaka huo tajiri akafunga kila lori kifaa cha GPS, akatenga chumba chenye skrini ukuta mzima na watu wa kuzitazama, akatoa amri moja. Vituo vya kusimama ni hivi sita. Ukisimama mahali pengine zaidi ya dakika kumi, simu ya ofisi iliyofungwa kwenye kabini italia. Usipoondoka, unakuja kujieleza, na waliokwenda kujieleza wengi hawakurudi kwenye usukani.

Miongoni mwa madereva hao alikuwapo Zabron Chaula, mtu wa makamo, mpole, aliyemaliza miaka kumi na moja barabarani bila kugonga hata mbuzi. Nyumba ya mama yake ilikuwa kando ya barabara kuu, kabla kidogo ya kuingia Makambako, hatua hamsini tu kutoka kwenye lami. Zabron alipita mbele ya mlango ule kila safari, kwenda na kurudi. Na katika vile vituo sita, nyumba ya mama haikuwamo.

Basi akajifunza kuwa mtoto wa mtu kwa dakika tisa. Anaegesha, anashuka mbio, anamwamkia mama, anakabidhi sukari na dawa za presha, anakunywa chai akiwa wima, anaondoka. Majirani walimcheka kwamba anamsalimia mzazi kama mtu anayekimbizwa na polisi. Mama aliwajibu kwamba wao wana watoto wanaolala hapo hapo kijijini na mwezi unaisha hawajawatia machoni.

Mwezi wa saba Zabron alikuwa amefika Mikumi, na mzigo wa kwenda Ndola, dada yake Odilia alipompigia. Mama alikuwa amezidiwa. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na kila alipofumbua macho alimuulizia Zabron, kwamba ana neno la kumwambia yeye peke yake.

Zabron akapiga ofisini kuomba siku moja. Mkuu wa safari akamjibu kwa upole kwamba mzigo una ahadi, na kwamba akishashusha Ndola atapewa hata wiki nzima. Akaomba saa mbili tu, kwa kuwa nyumba yenyewe iko njiani. Akaambiwa kituo hicho hakimo kwenye mfumo.

Akasimama hivyo hivyo. Alimkuta mama kitandani, amekwisha, lakini akili yake timamu. Mama akamshika mkono, akamuuliza habari za safari, za watoto, za barabara. Mtu mzima mwenye neno zito halitoi kwa haraka, huanzia mbali. Alipomaliza salamu zote akavuta pumzi.

"Kuna jambo la marehemu baba yako," akasema. "Nimelibeba miaka mingi. Nilitaka nikuachie wewe."

Simu ya kabini ikalia. Mlio wake ulikuwa mkali, ukafika mpaka chumbani. Zabron hakusogea. Ikakatika, ikalia tena.

Mama akamwachia mkono.

"Nenda, baba. Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Nitakwambia ukirudi."

Akaenda. Mimi kila nikifika hapa nashindwa kumlaumu, maana alikuwa na watoto wanne wanaosoma, na nashindwa pia kumwambia kwamba alifanya vyema. Yeye mwenyewe hajawahi kujiambia hivyo.

Alipofika Tunduma akakuta foleni ya mpakani imerudi nyuma kilomita nyingi. Akazima gari. Siku ya kwanza halikusogea, ya pili halikusogea. Siku ya tatu asubuhi Odilia akapiga simu, na Zabron alijua kabla hajapokea.

Akaomba dereva wa kumbadili. Ofisi ikampa pole, ikasema dereva atapatikana baada ya siku mbili, na ikamkumbusha kwamba kuacha gari na mzigo peke yake foleni ni kosa la kufukuzwa. Mazishi yalikuwa siku ya nne, saa nane mchana. Saa hiyo Zabron alikuwa ameketi nyuma ya usukani wa gari lililozimwa, akitazama mgongo wa tela la mbele yake.

Siku nne nzima gari lilisimama, na simu ya kabini haikulia hata mara moja. Foleni ya mpakani ilikuwamo kwenye vile vituo sita.

Aliporudi Dar es Salaam aliingia yadi akiwa ameshika ufunguo mkononi, amekwisha kuamua kuurudisha. Akakuta madereva wamekusanywa. Bwana Karama alikuwa amesimama mbele yao, amechoka usoni. Aliwaambia kwamba madereva saba wamemwacha katika miezi miwili, na kwamba hataki tena kusikia habari zake vijiweni. Mwenye lalamiko alitoe hapo hapo, yeye anasikiliza, na hakuna atakayeguswa.

Watu wakatazama viatu vyao. Mmoja akasema kitu kuhusu magodoro. Ndipo Zabron akainuka.

"Bosi, naomba nikuulize. Tarehe kumi na tisa mwezi uliopita, saa nane mchana, gari namba kumi na nne lilikuwa wapi?"

Bwana Karama akagusagusa kishikwambi chake. Hakuchukua hata dakika.

"Tunduma, kwenye foleni. Injini imezimwa. Tangi lina lita mia tatu na kumi."

"Na dereva wake?"

"Dereva si alikuwa humo humo ndani ya gari?"

"Alikuwa anazikiwa mama yake, bosi. Lita mlizijua. Mimi hamkunijua."

Bwana Karama akavua miwani, na waliokuwa karibu wanaapa kwamba aliyafuta machozi ya kweli. Alishuka pale alipokuwa, akamfuata Zabron, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole mbele ya watu wote.

"Umenifumbua macho," akamwambia. "Nipe mwezi mmoja. Hakuna dereva wangu atakayesema tena kwamba hatumjui."

Zabron akaurudisha ufunguo mfukoni. Siku ile alitembea mwepesi. Wenzake walimpongeza kwamba amesema yaliyowakaa kooni miaka yote, na wawili waliokuwa wameshapata kazi kwingine wakaghairi kuondoka. Usiku alimwambia mkewe kwamba kifo cha mama hakikupita bure, angalau mwingine atapewa nafasi ya kukaa na mgonjwa wake. Aliamini hivyo kwa moyo wote, na hilo ndilo linalonitia uchungu.

Mwezi ukatimia, wakakusanywa tena. Safari hii palikuwa na pilau na soda, na fundi mmoja mwenye boksi. Bwana Karama alikuwa na furaha ya mtu anayetoa mahari. Akawaambia kwamba mwezi uliopita mwenzao alisema ofisi inaliona gari na haimwoni dereva, na kwamba alisema kweli tupu. Yeye amelichukua neno hilo, amelala nalo, amelifanyia kazi.

Fundi akafungua boksi, akatoa kamera ndogo kama kiberiti.

Ingefungwa juu ya usukani, ikimtazama dereva usoni. Ingesoma macho, miayo na shingo ikilegea. Ofisini wangemwona kila dereva, kila dakika, kutoka Dar es Salaam mpaka anakoshusha. Bwana Karama alieleza yote hayo huku akimtazama Zabron na kutabasamu, kama anayesubiri shukrani.

Vile vituo sita vilibaki sita.

Madereva waligeuza shingo wakamtazama Zabron, na macho yao yalimuuma kuliko simu zote zilizowahi kumlilia barabarani.

Safari iliyofuata alikuwa anapanda Kitonga kwa gia nzito, nyuma ya lori la mafuta lililokuwa likitambaa. Mlima ule ukiupanda polepole unapata muda wa kuwaza, naye akawa anawaza lile jambo la baba yake. Alijaribu kukisia. Labda palikuwa na ndugu asiyemjua mahali fulani, labda shamba, labda kosa ambalo mzee alitaka kuombewa msamaha. Odilia hakujua. Hakuna mtu duniani aliyejua tena. Machozi yakaanza kumtoka, naye akayaacha.

Simu ya kabini ikalia. Alikuwa Salha, dada wa chumba cha skrini.

"Kumi na nne, kamera inaonesha macho yako hayako sawa. Unasinzia?"

"Sisinzii, dada. Nalia."

Akasikia vidole vikigonga kibodi, vikasita. Salha aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Pole, kaka. Ila kwenye mfumo hakuna kulia. Kuna usingizi, kuna simu, kuna ulevi. Niweke lipi?"

Zabron akapangusa uso kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani.

"Weka usingizi," akasema.

Alifikisha mzigo salama. Akarudi, akauweka ufunguo mezani kwa mkuu wa safari, akaondoka bila kuhutubia mtu. Wale wawili walioghairi wakamfuata wiki ile ile.

Jioni moja Bwana Karama akawa anawasimulia matajiri wenzake masikitiko yake. Alisema dereva ni mtu asiyeridhika. Walilalamika kwamba yeye hawaoni wao, akanunua mitambo ya kuwaona mpaka ndani ya mboni, na bado wanaondoka. Wenzake wakatikisa vichwa kwa kumhurumia. Kisha mmoja wao akavuta kiti karibu, akamuuliza kamera hizo zinauzwa wapi.

Funzo: Mtu anayekufanyia kazi akikuambia humwoni, hajakuomba umchunge. Amekuomba umuulize hali yake, na jibu lake likikutaka usimame, simama.