Nguchiro Aliyewalilia Sangara

Hadithi, jamani.
— Ilete tuiketie.
Ikiwa chungu?
— Tutaitema.
Ikiwa tamu?
— Tutaificha shavuni.

Basi kaeni. Mwaka ule kipupwe kilipanda mlimani kikasahau kushuka. Ziwa likaganda, gumu kama jiwe la kusagia. Samaki wakabaki chini, wenye njaa wakabaki juu. Miongoni mwa wenye njaa alikuwa Nguchiro, na mkewe, na watoto wanne ambao siku ya tatu ile walikuwa wakila maji ya moto.

Nguchiro aliijua kazi ya sangara. Sangara hukaa kundi moja, kwenye kina, na mvuvi huwatafuta tundu baada ya tundu mpaka awakute. Lakini kutoboa barafu kwataka makucha, na yake yalifaa kujikunia sikio tu. Mwenye makucha alikuwa Nyegere: makucha kama majembe, tumbo kama ghala.

Akamwendea. "Mjomba, nitobolee barafu, tuvue."

"Nitatoboa," akasema Nyegere. "Lakini tundu lenye samaki ni langu. Lisilo na samaki ni lako."

"Sawa, mjomba."

Nyegere akatoboa. Kwaru, kwaru, kwaru. Nguchiro akashusha uzi wenye gamba la mbawakawa linalong'aa. Juu kidogo, chini kidogo. Juu kidogo, chini kidogo. Kimya. Akafikiri: nikisema hakuna kitu, huyu ataniachia tundu aende kulala, na wanangu wataendelea na maji ya moto. Basi akaanza kujilamba midomo na kuimba polepole.

"Unaimba nini?" akauliza Nyegere.

"Naimba tu, mjomba. Usijisumbue kuja huku."

Nyegere akaja mbio. "Ondoka. Hili langu."

"Haya. Basi nitobolee jingine, kule mbali, nisikusumbue."

Nyegere akatoboa, ilimradi aachwe peke yake. Kwaru, kwaru, kwaru. Nguchiro akashusha uzi. Juu kidogo, chini kidogo. Kimya. Akaimba. Nyegere akaja. "Ondoka. Hili langu." Tundu la tatu hivyo hivyo, la nne hivyo hivyo, la tano hivyo hivyo. Nyegere alihema, makucha yakawa butu, na hakuwa ameona hata gamba la samaki.

Tundu la sita lilikuwa karibu na miamba, pale ziwa linapozama ghafla kwenye kina. Nguchiro akashusha uzi. Juu kidogo, chini kidogo. Tuu! Uzi ukavutwa. Kicheko kikamfika kooni. Akaking'ata, akaangua kilio.

"Mvuvi gani mimi," akalia, huku akimtia sangara kapuni, chini ya majani makavu. "Miguu mifupi, akili fupi zaidi." Tuu! Wa pili. "Baba mzima nafundishwa kazi na barafu." Tuu! Wa tatu. Matusi mengine aliyabuni. Mengine aliyakumbuka tu, maana mkewe alikwisha kuyasema. Ikafika mahali akalia kweli, kwa kuwa maneno yale hayakuwa mbali na yeye.

Kule kwenye tundu la tano Nyegere alicheka hadi akajishika mbavu. "Hilo lina samaki?" akauliza.

"Mjomba, umewahi kuona mvuvi mwenye samaki akilia?"

"Sijaona."

"Basi."

Jua lilipoanza kushuka, Nguchiro akajitwika kapu. Sangara kumi. Mgongo ukampinda. Akapita mbele ya Nyegere, ambaye bado alikuwa ameinamia tundu lake, pua imeingia barafu.

"Mbona kapu linakulemea?" akauliza Nyegere.

"Ni aibu, mjomba. Naipeleka nyumbani."

Nyegere akamtazama kwa huruma. "Pole. Ningekusaidia, lakini aibu ya mtu huibeba mwenyewe."

"Kweli, mjomba," akasema Nguchiro, akaibeba mwenyewe.

Usiku huo watoto wanne walikula aibu mpaka wakalala na miiba mikononi.

Mafunzo ni haya: msidanganye wakubwa, na msijidharau, maana mwenye kujidharau hapati kitu. Mimi nimejidharau miaka hamsini na sijapata hata dagaa. Labda sikulia vya kutosha.

Ngano imefika ukingoni. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda amwachie jirani.