Zamu ya Maji ya Mama Eunike

Wahenga walinena kwamba kipendacho moyo ni dawa. Maana yake, mtu huponywa na kile ambacho nafsi yake inakitamani, na kilicho kizuri kwa mwingine hukitema hata ukimlisha kwa kijiko. Mwalimu Eliezeri wa Kilema aliisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini hakuionja ladha yake mpaka mwaka 1974, alipokabidhiwa darasa la kisomo cha watu wazima.

Darasa lilianza na watu thelathini. Vitabu vilivyoletwa vilihusu kilimo cha pamba, zao ambalo kijiji kizima hakikuwa na mche wake hata mmoja. Eliezeri, aliyefundwa kwa fimbo na kukariri, hakuona tatizo. Kila alasiri aliwaimbisha: pa, pe, pi, po, pu. Watu wenye wajukuu waliitikia kama kasuku, kisha wakapungua kama mwezi mwishoni mwa mwezi, hata wakabaki sita. Ndipo ikaja barua kutoka Moshi: mkaguzi angefika baada ya miezi mitatu, na akilikuta darasa halina watu, angelifunga.

Eliezeri alipita nyumba kwa nyumba akibembeleza. Mama Eunike, mjane mwenye ulimi mkali kama wembe, alikutwa na mwalimu kihambani, kwenye shamba lake la migomba, akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea pamba yako? Nitaipanda wapi, mwanangu, juu ya mgomba?"

Mwalimu alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Yote ilimyeyuka kinywani. Akaketi juu ya gogo, akauliza swali ambalo hakuwahi kumwuliza mwanafunzi yeyote.

"Mama, wewe mwenyewe ungependa kujua nini?"

Mama Eunike aliweka mundu chini. Alimweleza habari za mfereji unaoshuka kutoka msituni. Wazee waligawa zamu za maji kwa mdomo, shemeji yake Gidioni akaziandika kwenye karatasi, na ni Gidioni huyo huyo aliyewasomea wengine. Mara mbili kiangazi kile alimwambia zamu yake imeshapita. Maharage yake yakakauka, ya Gidioni yakastawi.

"Sisemi ni mwizi," alimalizia. "Nasema nataka kuona kwa macho yangu."

Kesho yake Eliezeri alivifungia vitabu kabatini, akamwomba kila mmoja alete neno analolihitaji. Mmoja alileta kadi ya kliniki ya mjukuu wake, mwingine wimbo wa kanisani. Mama Eunike alitaka majina ya siku saba na ya majirani zake kumi na wawili. Mwalimu alihamia kwenye benchi lao, na walipomwuliza asilolijua, alikiri. Kukiri kulimchoma mwanzoni. Lakini waliotoroka walirudi wakiwa na ndugu zao, hata nafasi ikakosekana.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi, Bwana Antoni, alifika kutoka Moshi akakuta darasa tupu. Mkaguzi alitoa kalamu, akasema kwa upole kwamba amri ni amri. Wakati huo huo akapita Eliaichi, mwanakijiji mmoja, akawaambia kwamba watu wote wako kwenye banio la mfereji, pale maji yanapozuiwa na kugawanywa, kwani wazee wanagawa zamu za msimu mpya. Eliezeri alimsihi mkaguzi wapande pamoja.

Walimkuta Mama Eunike mbele ya karatasi ya Gidioni, kidole kikitambaa juu ya majina, wanadarasa wenzake wakifuatisha kwa midomo.

"Jumatano, Eunike," alisoma. "Alhamisi, Gidioni. Ijumaa, Gidioni." Akatua. "Shemeji, Ijumaa wazee wamempa Elinipendo. Yuko wapi?"

Watu waligeuka kumtazama Elinipendo, bibi kizee aliyekuwa amejiinamia pembeni.

"Kalamu imeteleza tu," Gidioni alisema.

"Basi niazime, niifundishe kutembea."

Kicheko kilipotulia, wazee waliamuru apewe kalamu. Mama Eunike alikata jina la Gidioni la Ijumaa, akaandika la Elinipendo, herufi zikiyumba kama ndama aliyezaliwa jana. Bwana Antoni akamwuliza ni nani aliyewafundisha kusoma karatasi za maji.

"Tulijifunza," alijibu. "Mwalimu alikuwa nasi."

Mkaguzi alifungua daftari lake, akaanza kuwahesabu waliohudhuria pale pale banioni, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo lilivyopona darasa la Kilema, nasi waja tuzingatie: kipendacho moyo ni dawa.