Mwezi Asiouona Ngwali

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, walikutana barazani watu hawa: Sultani Harithi bin Omari; Kadhi Burhani bin Ali; Masudi bin Kheri, msimamizi wa nyumba za Sultani; na Ngwali bin Sheha, mpangaji fukara, aliyeingia na ungo kichwani, umemfunika hadi nyusi. Bi Tumu binti Hamadi, mama yake Ngwali, hakuwapo, maana alikuwa mgonjwa kitandani.

Masudi akashitaki. "Bwana wangu, Mfunguo Mosi, mara tu mfungo ulipokwisha, nilimwarifu mtu huyu kwamba mwezi mwingine ukiandama, kodi ya nyumba itakuwa maradufu. Imekwisha kuandama miezi mitatu, naye hulipa ile ile ya kale. Alipe au atoke."

Naye Ngwali alijua kwamba cha kulipa hana, na kwamba mamaye akiondolewa kitandani hatafika njia panda.

"Ngwali," akasema Sultani, "vua huo ungo, ujibu."

"Niwie radhi, bwana wangu, ungo ndio jibu. Tangu siku ile sijatazama juu. Mwezi haujaniandamia."

"Huu ni mchana."

"Mwezi huu hupenda kuchungulia hata mchana, bwana wangu. Mimi si mtu wa kubahatisha."

Masudi akasema, "Mji mzima uliuona!"

"Kweli, Bwana Masudi. Na ule wa Ramadhani pia mji mzima uliuona."

Kadhi akakohoa, akatazama mkeka. Kwa maana Ramadhani ilipoingia, watu wakiwa wamefunga, Sultani alikutwa asubuhi akila mkate wa kumimina kwa mchuzi wa pweza, naye akahukumu palepale kwamba asiyeuona mwezi kwa macho yake, kwake haujaandama. Hukumu hiyo Kadhi aliiandika kwa mkono wake.

"Na wewe siku ile ulifunga?" akauliza Sultani.

"Nilifunga, bwana wangu. Sikuwa na ungo."

Basi Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Masudi akamwinamia, akamnong'oneza, "Mama mtu hamalizi juma hili." Sultani akatikisa kichwa, akasema, "Kadhi, andika. Kodi mpya itaanza siku atakapokufa Bi Tumu binti Hamadi, wala si kabla." Masudi akatabasamu. Kadhi akaandika, akatia muhuri.

Ngwali akavua ungo, akaenda nao nyumbani, akamsimulia mamaye yote. Bi Tumu akaomba uji. Kesho yake akaomba samaki. Siku ya tatu akaketi, akaudai ungo wake, maana ulikuwa wake, na mchele haukuwa umepetwa tangu Mfunguo Mosi.

Ikawa kila mwezi ukiandama Masudi hupita kumjulia hali, naye humkuta mlangoni akipeta. "Sijambo, mwanangu," humwambia. "Msalimie Sultani."

Mwaka wa saba, siku ya Jumatano, Sultani Harithi bin Omari alifariki.